Skrini Tatu na Uongo Mmoja

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kisangani. Kazi yangu kubwa ni kuweka mfumo wa Linux kwenye mashine za ofisi, shule na watu binafsi. Jambo ninaloliandika hapa nimekaa nalo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu anayeiheshimu kazi yake. Niliwatia watu hasara ya kununua kifaa wasichokihitaji. Nilipogundua kwamba chanzo ni mimi, nilinyamaza, kisha nikadanganya. Kosa lenyewe lilikuwa neno moja ndani ya faili moja. Uongo ndio uliolikuza, na ndio unaonifanya niandike.

Watu niliowakosea ni wa shirika dogo la kiraia lenye ofisi katika komuni ya Makiso. Wanavisaidia vijiji vya mkoa wa Tshopo kuomba misitu ya jamii. Kwa amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii inayoishi msituni inaweza kupewa msitu wake wa asili, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Lakini ombi haliendi bila ramani. Kijiji lazima kionyeshe mpaka wake unapopita: kijito kipi, njia ipi, kaburi la mzee yupi, shamba la nani. Mpaka ukikosewa kwenye karatasi, ndugu wa kijiji jirani wanaamka na kusema wameibiwa. Kwa hiyo ramani ile ni amani ya watu, na atakayeichora anahitaji utulivu na vifaa vinavyomtii.

Mchoraji wao alikuwa dada kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Kisangani. Alitumia QGIS, programu huria ya ramani iliyoanza mwaka 2002, isiyodai leseni ya kulipia. Kazi yake ilihitaji macho matatu kwa wakati mmoja. Mbele yake ilikuwepo picha ya setilaiti ya Sentinel-2, ambayo nukta yake moja ni mita 10 kwa 10 ardhini. Pembeni ulikuwepo mchoro wa wazee, uliochorwa kwa mkono kijijini na kupigwa picha. Upande wa pili lilikuwepo jedwali la vituo vya GPS vilivyochukuliwa kwa miguu msituni. Kwenye skrini moja, kila ukifungua hiki unafunika kile. Unaisoma namba ya kituo, unalificha jedwali, unatafuta mahali kwenye picha, na ukifika umeshaanza kuitilia shaka namba uliyoisoma. Ndiyo sababu waliniita: walitaka skrini tatu kwenye meza moja, na mashine isiyokwama.

Mashine yao ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, nzima kabisa, yenye kadi ya michoro ya AMD ya kiasi, yenye matundu matatu ya kutolea picha. Niliiwekea Debian 11, toleo mojawapo la Linux. Mara baada ya usakinishaji, skrini ikawa nyeusi. Fundi yeyote wa Linux anaifahamu hali ile. Kadi za AMD hutegemea faili za programu dhibiti (firmware) ambazo kiendeshi huzipakia ndani ya kadi wakati mashine inawaka. Faili zile si huria kamili, na diski rasmi za Debian za wakati ule hazikuja nazo. Zilianza kuwekwa ndani yake kuanzia Debian 12, mwezi Juni 2023. Zisipokuwepo, kiendeshi hushindwa kazi na skrini hubaki gizani.

Siku ile sikuwa nazo kwenye flashi, na intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Nikatumia njia ya dharura. Katika mstari wa kuwashia mfumo niliongeza neno nomodeset. Mwaka 2009 Linux ilianza kuikabidhi keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kazi ya kupanga skrini: ukubwa wa picha, kasi yake na tundu la kutokea. Neno hilo huizuia keneli isifanye kazi hiyo. Kiendeshi cha kadi hakiamki, na mfumo unabaki na picha ya muda iliyoachwa na mashine ilipokuwa inawaka. Ni banzi la mguu uliovunjika: linakusaidia kufika hospitalini, lakini hujengi maisha juu yake. Mimi nililiandika neno lile kwenye /etc/default/grub ili lidumu, picha ikatokea, nikaendelea na mengine. Nilikusudia kurudi siku inayofuata na faili zile, nilitoe. Sikurudi nazo. Kisha nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuliandika.

Nilipokuja kuunganisha skrini tatu, ikawaka moja tu. Mfumo ulipoulizwa kwa amri ya xrandr ulijibu kwamba unaona tundu moja tu, nalo linaitwa default. Jibu lile lilitosha kunifungua macho. Kadi iliyoamka huyataja matundu yake kwa majina: HDMI, DisplayPort, DVI. Mfumo unaotaja default peke yake unakuambia wazi kwamba haujaiona kadi. Nilisoma jibu nikalipita, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba kadi ni dhaifu.

Yule dada naye aliniletea dalili ya pili. Aliniambia, kwa adabu yake, akiniita yaya kama aitwavyo mkubwa hapa kwetu, “Yaya, nikisogeza dirisha tupu tu, bila ramani yoyote, prosesa inapanda hadi juu. Kwa nini?” Lilikuwa swali la mtu anayeangalia. Kiendeshi cha kadi kikilala, Linux huipa prosesa kazi ya kuchora kila kitu kwa programu iitwayo llvmpipe. Skrini moja ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ikiburudishwa mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta milioni 124 kila sekunde, na madirisha yanayopandana huzidisha hesabu hiyo. Kadi ya michoro imeundwa kwa kazi hiyo; prosesa inaifanya kwa taabu, ikiacha kazi nyingine zisubiri. Na hapa kuna jambo nililopaswa kulijua kabla ya kufungua mdomo: QGIS huchora ramani za kawaida za pande mbili kwa prosesa, si kwa kadi. Kwa hiyo prosesa ile moja ilikuwa inachora ramani na kuchora meza nzima ya kazi, ikigombaniwa na pande zote mbili.

Nilimjibu kwamba anafungua tabaka nyingi mno za ramani kwa pamoja. Nilimjibu mbele ya wenzake. Sikuifungua mashine, sikuandika amri hata moja, nilimtupia lawama kwa sababu alikuwa mdogo na mimi nilikuwa fundi. Kuanzia hapo akaacha kuniuliza. Alianza kufanya kazi kwa vipande vipande, akizima tabaka moja ili aone nyingine, akiamini kwamba tatizo ni mikono yake. Katika yote niliyoyatenda, hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha nikamwendea Papa, kama wote tunavyomwita mkuu wa ofisi ile, nikamwambia waziwazi: kadi hii haiwezi skrini tatu, nunueni kubwa zaidi. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Fedha ilitoka kwenye fungu la safari, maana shirika dogo halina fungu la pembeni. Walikuwa wamepanga kushuka na mto hadi upande wa Isangi, mahali Lomami inapoingia kwenye mto Kongo, kukamilisha vituo vya GPS pamoja na wazee. Safari ikasogezwa. Kadi ikaagizwa Kampala, ikaja kwa barabara ndefu ya Bunia na Bafwasende, na mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikafika kabla ya timu kuondoka. Wazee waliokuwa wameandaliwa kuwapokea walingoja wageni wasiotokea. Hayo yote yalitokana na neno la fundi aliyesema “ninayo hakika” bila kupima.

Kadi mpya ilifika. Nikaichomeka, nikawasha mashine, ikawaka skrini moja. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa neno nomodeset halimchagui mtu: huzilaza kadi zote, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Kadi mbili tofauti kushindwa kwa namna ileile ni ushahidi kwamba kosa haliko kwenye kadi. Bado sikutaka kuusikia ushahidi. Nikataja nyaya, nikataja bodi kuu, nikataja umeme. Mjini kwetu umeme hubebeshwa lawama nyingi, na ni rahisi kuaminiwa ukiutaja. Nikaomba nibaki na mashine usiku ule baada ya wote kuondoka.

Usiku umeme ulikatika, ukarudi, na mashine ikawa inawaka upya mbele yangu. Kwenye menyu ya kuanzia nikabonyeza herufi e nione mstari wa kuwashia, nikitaka kufuta neno quiet ili ujumbe wa mfumo uonekane. Kando ya quiet niliona nomodeset. Niliutambua mwandiko wangu mwenyewe, kama mtu anavyoweza kusema ana mwandiko ndani ya kompyuta. Nilipakua faili za kifurushi cha firmware-amd-graphics, safari hii kwa kifurushi cha intaneti nilichokilipia mwenyewe, nikazisakinisha, nikalitoa neno, nikaamuru update-grub, nikaiwasha mashine upya. Skrini zote tatu zikawaka. Nikauliza kwa glxinfo ni nani anayechora. Safari hii jibu lilikuwa jina la kadi, siyo llvmpipe tena. Nikalisogeza dirisha kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwingine, na prosesa haikushtuka.

Kisha nikafanya jaribio ambalo moyo wangu ulikuwa unalikwepa. Nikazima, nikaitoa kadi mpya, nikairudisha ile ya zamani, ile niliyoiita dhaifu. Skrini tatu zikawaka vilevile. Kwa kazi yao, sikuweza kuona tofauti yoyote kati ya kadi hizo mbili.

Hapo ndipo nilipopaswa kungoja asubuhi na kusema. Nilifanya kinyume. Niliirudisha kadi mpya mahali pake, nikafunga sanduku la mashine, na Papa alipoingia asubuhi nikamwonyesha skrini tatu na kumwambia, “Kadi imekubali sasa, ilihitaji marekebisho kidogo.” Ofisi nzima ilinishukuru. Mama mmoja wa ofisi alinikaribisha chai. Yule dada alikaa mbele ya skrini zake, akafungua picha, mchoro na jedwali, kila kimoja mahali pake, akasema polepole kwamba kumbe kadi kubwa ilikuwa muhimu kweli. Niliyasikia maneno yale, nikanywa chai.

Nilijipa sababu. Nilijiambia kwamba kazi imekwisha na skrini zinawaka, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Nilijiambia kwamba nikisema, nitapoteza mkate wangu, kwa kuwa Kisangani ni mji ambao habari ya fundi huvuka mto kabla yake. Lakini uongo haukukaa pale nilipouacha. Kadi mpya ilikuwa na kiu ya umeme. Ile ya zamani iliridhika na wati zisizozidi 75 zinazotoka kwenye tundu la bodi. Hii ilidai na waya wake wa ziada kutoka kwenye kitengo cha umeme. Ofisi hufanya kazi kwa sola na betri umeme wa mjini unapokosekana, na betri zikaanza kuisha kabla ya jioni. Waliniita kuuliza sababu. Nikasema betri zimechakaa. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili.

Halafu ukaja wa tatu, ambao haukutoka kinywani mwangu. Ofisi nyingine, inayofanya kazi ya misitu kama wao, ilitaka kupanga mashine ya ramani yenye skrini nyingi. Wakamuuliza yule dada, kwa kuwa alikuwa na uzoefu. Aliwaambia kwa nia njema kabisa kile nilichomfundisha: kwamba Linux haiwezi skrini tatu bila kadi kubwa. Wakatenga fedha, wakanunua kadi kama ile. Kosa la fundi likifichwa haliozi ndani ya sanduku la mashine. Linageuka kuwa elimu, na watu waaminifu wanalisambaza kwa sababu wanamwamini aliyewafundisha. Mtu mwingine alikuwa anadanganya kwa niaba yangu bila kujua kwamba anadanganya. Nilipoisikia habari ile sikuweza tena kubaki na sababu zangu.

Nilikwenda Makiso nikaomba Papa na yule dada wakae pamoja. Nilieleza tangu mwanzo: neno niliandika mimi, nilikusudia kulitoa nikasahau, dalili niliziona nikazipita, kadi ya kwanza ilitosha, na usiku ule nilijua. Nilitaka kuongeza maelezo juu ya faili na intaneti, Papa akanyanyua mkono. Alisema, “Fedha tutaihesabu. Wazee wa Isangi utawaambia nini?” Sikuwa na jibu. Yule dada hakusema juu ya fedha wala juu ya safari. Aliuliza tu, “Kwa hiyo siku ile tabaka zangu hazikuwa na kosa?” Nikamwambia hazikuwa na kosa hata kidogo, swali lake lilikuwa sahihi, na kama ningelijibu kwa kupima, hakuna kadi ambayo ingenunuliwa. Kisha nikawaita wenzake, nikamwomba radhi mbele ya walewale waliokuwepo nilipomlaumu. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa imechelewa.

Tulikubaliana namna ya kulipa. Kadi kubwa niliitoa, nikaiuza, na pengo la bei nikaliziba kwa mapato yangu ya kazi nyingine. Kadi ya zamani ikarudi mahali pake, na betri zikarudi kufika jioni. Sehemu ya fedha ile ikanunua kile ambacho QGIS ilikuwa inakihitaji tangu mwanzo: kumbukumbu zaidi na diski ya SSD. Nikamwonyesha pia namna ya kuzijengea picha za setilaiti piramidi, yaani nakala ndogo ndogo zinazosomwa unapoiangalia ramani kwa mbali, ili programu isisome picha nzima kila inaposogezwa. Mabadiliko yale yaliharakisha kazi yake kuliko kadi yoyote. Ofisi ya pili niliifuata pia, nikawaeleza ukweli, nikawasaidia bila malipo. Na safari ya Isangi ilipofanyika hatimaye, niliwaandikia wazee barua inayosema kuchelewa kwa wageni wao kulitokana na mimi. Mzee anayengoja ramani ya ardhi yake anastahili kujua jina la aliyemchelewesha.

Nimebadili pia utaratibu wa kazi. Kila mashine ninayoigusa sasa ina daftari linalokaa kando yake. Ninaandika ndani yake kila kitu cha muda nilichokiweka, sababu yake, na siku ya kukitoa, kwa lugha ambayo mwenye mashine anaweza kuisoma. Kabla ya kumwambia mtu anunue, ninaiuliza mashine kwanza, mwenyewe akiwa ameketi kando yangu: lspci -k inataja kadi na kiendeshi kinachoihudumia, dmesg inasema kama kuna programu dhibiti iliyokosekana, glxinfo -B inasema nani anachora. Skrini zote nachomeka kwenye kadi moja, kwa sababu ukigawa baadhi kwenye kadi na nyingine kwenye bodi kuu, picha hulazimika kunakiliwa kutoka chombo kimoja hadi kingine na kasi hupungua. Skrini zenye kasi tofauti, kwa mfano moja ya 60 na nyingine ya 75 kwa sekunde, naziweka chini ya Wayland, ambayo huipa kila skrini mwendo wake, ilhali mfumo wa zamani wa X huzichukua zote kama ubao mmoja mpana. Vipimo hivi vinachukua dakika chache. Dakika hizo ndizo nilizowanyima watu wa Makiso.

Waswahili husema mficha uchi hazai, na mimi nimeona maana yake katika kazi ya mikono. Ninawaambia mafundi vijana wa Mangobo na Kabondo wanaokuja kujifunza kwangu: kusahau neno ndani ya faili kunaweza kumpata yeyote, lakini kumwacha mteja alipe kwa ajili ya neno lile ni uamuzi, na mimi niliuchukua nikiwa na akili zangu.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa kila mtu wa Kisangani ambaye mashine yake ya Linux imewahi kupita mikononi mwangu miaka ile, hasa kama skrini ya pili ilikataa kuwaka na nikakwambia vifaa vyako ni duni. Fungua dirisha la amri, andika cat /proc/cmdline, usome mstari utakaotokea. Ukiliona neno nomodeset, usinunue kitu. Niite. Nitakuja na faili zinazohitajika kwenye flashi, nitalitoa neno ukiwa umeketi kando yangu, na kama ulitumia fedha kwa sababu ya maneno yangu, tutahesabu pamoja ni kiasi gani ninachodaiwa.